Siku moja maishani mwangu: mpiga picha wa usiku, Dar es Salaam

Watu wakisikia napiga picha usiku hufikiria harusi: flashi, kamati, na sahani ya pilau mwisho wa shughuli. Kazi yangu ni majengo, migahawa na barabara baada ya jua kuzama. Kwa hiyo saa tatu asubuhi, nikiwa bado nimelala, jirani yangu hapa Kimara ameshafua, ameanika, na ameshanihurumia kwa kukosa ajira.

Saa tano nasafisha vioo. Upepo wa bahari huacha utando wa chumvi kwenye lenzi, na mchana unaweza kuupuuza. Usiku haupuuziki. Kila taa inayoingia kwenye picha inauangaza, na picha nzima inakuwa kama imepigwa kupitia moshi wa mishikaki.

Hapo hapo ninavua filta ya UV, kile kioo chembamba kinachofungwa mbele ya lenzi, na kuiacha nyumbani. Vijana huniuliza kila mara kwa nini picha zao za usiku zina vidoti vya kijani. Jibu ni kile kioo walichouziwa dukani kama kinga. Mwanga mkali wa taa ukiingia, sehemu yake hugonga sensa, kinasa picha kilicho ndani ya kamera, hurudi mbele, hukutana na kioo bapa cha filta na kurushwa ndani tena. Angalia kidoti kinapokaa: taa ikiwa juu kushoto, chenyewe kiko chini kulia, mkabala kabisa kupitia katikati ya picha. Hakuna kusafisha kutakakokiondoa. Vua filta. Mchana kando ya bahari, mchanga ukiruka, irudishe, ni kinga kweli.

Saa nane nakula, betri ziko chaji. Saa tisa na nusu mwendokasi mpaka kituo cha Morocco, nimesimama, tripodi, ile stendi ya kamera ya miguu mitatu, katikati ya miguu yangu, kisha bajaji mpaka Oysterbay.

Saa kumi na moja. Mgahawa uko ghorofani, unatazama bahari, na Daraja la Tanzanite linaonekana kwa mbali. Mwenye mgahawa ni mama mmoja mkarimu sana. Akanikaribisha ofisini kwake kwenye kiyoyozi, mimi nikaingia, begi nikaliacha barazani. Akashangaa. Kioo kilichopoa kikitolewa ghafla kwenye joto la Dar kinatoka jasho, na ukungu ukiingia kati ya filta na lenzi huwezi kuufuta bila kufungua kila kitu.

Tulikubaliana picha ya kwanza iwe meza tupu na bahari iliyotulia. Kwa hiyo filta ya ND64, kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara 64. Kwanza unafokasi, kisha unazima fokasi ya kujiendesha, ndipo unaivisha lenzi filta, maana baada ya hapo kamera inapapasa gizani kama wewe. Muda wa kupiga wa nusu sekunde unakuwa sekunde 32. Mawimbi yanalainika, na mhudumu anayepita haraka hata haonekani.

Tatizo ni kwamba kwetu jua likishazama halikawii. Ule ubluu wa anga unaolingana na mwanga wa taa unakupa dakika 20 na ushee, basi. Yale machweo marefu unayoyaona kwenye video za wenzetu wa Ulaya, huku hayapo.

Na ni katika dakika hizo mama alipotoka ofisini.

“Mwanangu, hizi meza zisogezwe kidogo.”

Zikasogezwa. Nikafungua shata, kile kilango cha mwanga ndani ya kamera. Sekunde ya 20 akapita mbele ya lenzi na simu sikioni, akasimama, akageuka kunipungia. Nikaanza upya. Akaona mishumaa haijawashwa. Ikawashwa. Nikaanza upya. Mpwa wake akaja na simu yake kunionyesha kwamba yeye ameshapata picha, mara moja tu, bila miguu mitatu. Nikamsifia, kwa kweli simu za siku hizi zinajitahidi, nikamwomba asogee pembeni.

Mama naye akaitoa yake. Kuna picha ametumiwa na mdogo wake aliye Dubai, kila taa ina msalaba wa miali minne.

“Mimi nataka hizi nyota. Hiyo filta yake huna?”

“Ninayo, mama. Ila kwa picha hii siipendekezi.”

“Kwa nini uninyime na unayo?”

Nikamweleza huku jicho langu likiwa kwenye anga. Filta ya nyota ni kioo kilichochanjwa mistari midogo midogo, na kila mstari unaurefusha mwanga kuwa mwali. Haichagui. Taa ya mlangoni itapata msalaba, mshumaa utapata, kijiko kinachometa kitapata, na daraja kule nyuma litageuka uzio wa misalaba. Akanisikiliza kwa heshima zote, akasema, “Sawa, baba. Sasa iweke.”

Kufikia hapo anga ilikuwa imeingia giza kiasi cha kuhitaji sekunde nne bila filta yoyote. Zidisha mara 64: dakika nne na ushee kwa picha moja, na mama huyu hawezi kukaa tuli dakika nne. ND ikavuliwa. Sikufurahi, lakini moja safi nilishaipata kabla hajatoka ofisini.

Nikamwomba dakika moja. Nikalibana tundu la lenzi mpaka f/16, yaani dogo sana, nikapiga, nikamwonyesha. Taa kubwa zote zilikuwa na miali myembamba, 18 kila moja, kwa sababu tundu la lenzi hii limezungukwa na vipande tisa vinavyolibana. Idadi ikiwa witiri miali huwa maradufu. Kioo cha ziada hakuna. Akaisogeza karibu na macho.

“Nzuri. Na mishumaa?”

Mshumaa ni mdogo, hautoi miali ya hivyo. Nikaivisha lenzi filta ya nyota. Nilipiga nikiwa nimenyamaza, na alifurahi mno, akaita wapishi waje waone.

Wageni walipokaa nilibadilisha nikaweka filta ya ukungu, ile inayolainisha mwanga kuzunguka taa na kuzipa ngozi za watu upole. Hiyo sina ugomvi nayo. Usiku, mezani, chini ya balbu kali, inasaidia kuliko maneno yangu yote.

Baada ya hapo saa sikuiangalia tena. Mgongo ulikuwa unauma, shati limegandana na mwili, chakula nilicholetewa kimepoa. Nilishuka ufukweni kupiga daraja kwa ajili ya mkusanyiko wangu. Magari yalikuwa yanaacha michirizi kwa sekunde 20 tu, giza lenyewe linatosha, ND ya nini? Mlinzi akanifuata na tochi, nikamwamkia, “Shikamoo mzee,” akaitikia, akauliza napima kiwanja cha nani. Tulizungumza mpaka akawa ananishikia begi.

Ninayo filta nyingine ambayo nayo niliiacha begini, ya kukata manjano. Kioo chake kina niodimiamu, kinameza mwanga wa karibu nanomita 589, ule ule wa taa za sodiamu, zile za manjano za barabarani. Mafundi wa kupuliza vioo huvaa miwani ya aina hiyo ili waone kazi nyuma ya mwako wa manjano. Kwenye mitaa yenye taa hizo za zamani filta hii inafanya maajabu. Lakini LED humwaga rangi karibu zote, na filta hiyo inakata kipande kidogo tu. Kila taa inapobadilishwa, pesa niliyoinunulia inazidi kupotea.

Boda, nyumbani, kunakili picha kwenye diski mbili. Mama alikuwa ameshaweka hali ya WhatsApp: ile ya misalaba. Chini akaniandikia, “Mwanangu picha nzuri sana, ila nyota ni chache kwenye ile ya bahari. Unaweza kuziongeza kwenye kompyuta?”

Nikamtumia bei ya kuhariri, pamoja na kumkumbusha malipo yaliyobaki. Tiki mbili za bluu zipo. Jibu bado.