Swali la Tisa

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 34 na kisigino kilikuwa kimeshanistaafisha. Kazi yangu ilikuwa kuwawekea wengine kasi kwenye marathoni za Ulaya: kilomita 30, kisha unapisha. Mshipa wa kisigino ukakatika mazoezini, meneja akaacha kupiga simu, basi.

Nyumba yetu ya Iten iko kando ya barabara ya vumbi. Saa kumi na mbili alfajiri kundi la kwanza la wakimbiaji hupita, miguu mingi, mdundo mmoja. Nilikuwa najifunika blanketi kichwani mpaka wapotee, kisha naanza kunywa.

Mke wangu hakunigombeza. Asubuhi moja ya Novemba aliniwekea shati safi kitandani. "Baba watoto, twende Eldoret." Tukapanda matatu.

Nilidhani nitashikwa kisigino. Badala yake muuguzi, mama wa makamo, alivuta kiti karibu akatoa karatasi ya maswali tisa. Yote yaliuliza juu ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kujiona umewaangusha watu wako. Jibu ni sifuri, yaani hapana kabisa, hadi tatu, yaani karibu kila siku. Mimi ni mtu wa namba, nikajibu mbio mbio: tatu, mbili, tatu.

Swali la tisa likanisimamisha. Je, nimewahi kuwaza kwamba ni heri nife?

Siku hizo kifungu cha 226 cha sheria ya Kenya kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kifungo hadi miaka miwili. Mahakama Kuu ilikuja kutamka Januari 2025 kwamba kinakiuka katiba. Miaka mingi mno ya watu kunyamaza. Nilitazama mlango.

"Sista, ukiandika hapo, polisi wataona?"

Aliweka kalamu chini. "Kuwaza si kosa, ndugu yangu. Hii inakaa kwenye faili yako."

"Tatu," nikasema.

Akajumlisha: 21 kati ya 27. Akaniambia huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, una dawa, una na mazungumzo, nirudi baada ya wiki mbili tuhesabu tena. Neno hilo, "tena", nililishika kama chupa ya maji kilomita ya 25. Ilinichukua mwaka na nusu kushuka hadi nne.

Tukirudi, mke wangu aliuliza niliulizwa nini. Nikamwambia swali la tisa, na jibu langu.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana silali."

Akanishika kifundo cha mkono, hakukiachia mpaka Iten.