Wati 1,350

Nikiikumbuka siku ile, kitu cha kwanza kunijia ni tarakimu kwenye mita ya umeme mbele ya usukani wa boti yetu ya sola: 1,350. Ndizo wati ambazo mota ilikuwa ikizila, nami nilizitazama kwa furaha.

Ilikuwa Agosti 2012. Tarehe 4 Mei mwaka huohuo, boti ya PlanetSolar ilikuwa imerejea Monaco, ya kwanza kuizunguka dunia kwa nguvu ya jua peke yake. Sisi tulikuwa watatu, na kiboti cha mita 6, paneli za wati 1,200 na betri ya kilowati-saa 4. Tulitaka kwenda kilomita 80 ziwani, tangu jua linachomoza hadi linazama, bila kuchaji nchi kavu. Siku yetu bora kabla ya hapo tulifika kilomita 61.

Saa kumi na mbili asubuhi nilishika usukani mimi. Kichwani nilikuwa nimebeba ukubwa wa PlanetSolar: urefu wa mita 31, paneli za mita za mraba 537. Ziwa lilikuwa shwari. Nikaongeza moto hadi kilomita 9 kwa saa, nikijiambia kwamba tutangulie kula masafa, jua likishapanda litaturudishia umeme wetu. Mzee aliyefunga nyaya zote za boti alikuwa amekaa tezini, nyuma ya boti, macho kwenye povu la rafadha.

"Mwanangu, punguza. Povu lote hilo ni umeme unaoumwaga."

"Bado kidogo, mzee. Betri ilijaa pomoni."

Hakurudia.

Kufika saa tatu tulikuwa tumekwenda kilomita 27, na betri imebaki chini ya robo. Ndipo wingu likatanda, zito, kutoka ukingo mmoja wa ziwa hadi mwingine. Paneli zikashuka hadi wati 200 na kitu.

Hesabu niliijua, na hilo ndilo linaloniuma. Nguvu inayotakiwa kusukuma boti kama ile hupanda karibu na kipeo cha tatu cha kasi. Kwa kilomita 6 kwa saa mota yetu ilikula wati 400. Kwa 9 ikala zaidi ya mara tatu yake. Nilikuwa nimenunua kilomita tatu za ziada kila saa kwa bei ya wati 950.

Nikampisha mzee. Alirudisha moto hadi mota ikawa inakula kile tu ambacho paneli zilitoa, na boti ikawa inatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kisha akatoa daftari lake, akaandika 60,000, akagawanya kwa 584. Hizo ni kilomita na siku za safari ya PlanetSolar, ya Raphaël Domjan na wenzake, vituo vyote vya njiani vikiwemo. Jibu ni kama kilomita 103 kwa siku. Boti kubwa vile, yenye paneli za kilowati 93, kwa wastani mota zake zilikula kilowati 20 hivi! Chini yake akaandika jina la Kenichi Horie, ambaye mwaka 1996 alivuka Pasifiki peke yake kwa boti ya sola, kutoka Ecuador hadi Japani. Hakuniambia neno. Alinipa daftari nishike, akaendelea kuongoza.

Mchana upepo wa mbisho, unaovuma kutoka mbele, ulituzuia kwa saa nzima. Mwenzetu wa tatu alihamia omo, mbele kabisa, ili boti ikae sawa majini, tukaacha hata kuzungumza. Jua lilitoka saa tisa. Nilitamani sana kuongeza moto. Mzee aliongeza kidogo tu, akaacha betri ijirudishe polepole. Sijawahi kumtazama mtu akiongoza boti kwa makini namna ile.

Jua lilizama tukiwa kilomita 73. Mota ilikuwa bado inazunguka, na betri ilikuwa na umeme wa kutufikisha gatini. Wenzangu walishangilia, maana 61 ilikuwa imevunjwa. Mimi nilikuwa nahesabu zile saba.

Mzee alinipa kalamu nijaze daftari. Niliandika 73, kisha pembeni, kwenye safu ya saa kumi na mbili hadi saa tatu, nikaandika 1,350. Aliusoma ukurasa kwa mwanga wa tochi, akalifunga daftari, akaniambia nishike usukani hadi gatini.