Mfupa Unaoliwa Kutoka Ndani

Mbwa wangu Bobi, mwenye umri wa miaka 9, alianza kuchechemea wakati wa masika, nasi hapa Raskazone tukadhani amejiumiza kwenye miamba ya ufukweni. Katika nyumba nyingi za Tanga mbwa hulala uani na haingii ndani, kwa hiyo maumivu yake huonekana yakiwa yamekwisha kukomaa. Tulipotambua kwamba hapandi tena ngazi ya baraza, kwamba analia akiguswa mgongoni na kwamba anamaliza maji ya bakuli kila linapojazwa, wiki kadhaa zilikuwa zimepita, na hilo bado linaniuma.

Shina la maradhi halikuwa mguuni, bali ni saratani ya uboho iitwayo mayeloma. Ndani ya uboho hukaa seli za plazma, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Zikipatwa na saratani huongezeka bila kiasi na kuziamsha seli zinazobomoa mfupa, huku zile zinazojenga zikizuiwa kazi yake. Mfupa, wa mbwa kama wetu, hubomolewa kidogo kidogo na kujengwa upya maisha yote. Maradhi haya huacha ubomoaji peke yake. Katika picha ya eksirei niliyoonyeshwa, pingili za mgongo na nyonga zilikuwa na matundu ya mviringo kama yaliyotobolewa kwa msumari, yasiyo na ukingo mweupe, kwa kuwa mfupa haukuwahi kujitengeneza. Mbavu na fuvu pia huweza kutobolewa. Mfupa uliofikia hali hiyo huweza kuvunjika kwa kuruka tu, na pingili ikiporomoka hubana neva hata miguu ya nyuma ikapooza. Kalsiamu inayotoka kwenye mfupa huingia katika damu, ikizidi figo hushindwa kuhifadhi maji, na hapo ndipo nilipoielewa kiu ya Bobi.

Kwetu pwani kuna jambo la kuangaliwa kabla ya kutamka saratani, nalo ni kupe. Erlikia, maradhi yanayoenezwa na kupe wa kahawia, huweza kupandisha protini za damu na kuongeza seli za plazma katika uboho kiasi cha kumpotosha mpimaji. Ndiyo maana daktari wa mifugo alipima kwanza damu kwa ajili ya erlikia, kisha akavuta uboho kwa sindano. Majibu hayo pamoja na yale matundu ndiyo yaliyomthibitishia kwamba ni saratani.

Bobi anatumia melfalani, dawa ya kuua seli za saratani, pamoja na prednisoloni, na damu yake hupimwa mara kwa mara kwa sababu melfalani hudhoofisha pia uboho ulio mzima. Maradhi hayaponi kabisa, lakini mbwa wengi hupata nafuu kwa dawa hizi, na wapo wanaoishi zaidi ya mwaka mmoja. Kiu imepungua. Matundu huenda yasizibe yote, kwa hiyo ngazi ya baraza tumeiwekea ubao wa mteremko, na ufukweni tunakwenda asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, tukipita kwenye mchanga mgumu tu.