Niulize mimi, siyo mama

Tangu nivunje ungo, kila daktari huniuliza swali lilelile: "Kuanzia sifuri hadi kumi, inauma kiasi gani?" Najibu sijui, naye anaandika kwamba hakuna shida. Lakini kweli sijui! Wengi wetu wenye usonji (autism), mwili hututumia taarifa kwa kuchelewa, au zikiwa zimevurugika. Njaa naigundua mikono ikianza kutetemeka, mkojo naugundua nikiwa nimeshabanwa vibaya. Maumivu ya hedhi nitayapaje namba?

Daktari wa wanawake niliyemwona leo hakutaka namba. Aliuliza, "Siku ya kwanza ya hedhi unakuwa wapi, na unafanya nini?" Hilo nalijua. Nalala kwenye sakafu ya bafu kwa sababu ina ubaridi, natapika, na siwezi kuvaa chochote chenye mpira kiunoni. Pedi nayo inachakarisha nikitembea, na ina ukingo mmoja unaonikwaruza mpaka jioni sifikirii kitu kingine. Akaandika yote, hata ule ukingo. Kisha akasema huenda ni endometriosisi, yaani utando unaofanana na ule wa ndani ya mji wa mimba umeota nje yake. Humpata karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi hukaa miaka kabla ya kuambiwa wana nini. Huenda isiwe hiyo. Ila leo kuna mtu ameona lipo jambo la kutafutwa.

Mama alikuwa pembeni. Nimezoea kuona madaktari wakimwuliza yeye, "Siku zake anaziona vizuri?", kana kwamba mimi ni mbuzi aliyepelekwa kwa daktari wa mifugo. Huyu aligeuzia kiti chake kwangu. Mama alipotaka kunijibia, akamwambia kwa adabu, "Mama, tumsubiri." Wakanisubiri. Mimi hupanga jibu polepole, na mtu akirudia swali kwa maneno mengine inabidi nianze upya.

Baadaye akamwomba mama atupishe kidogo. Akaniuliza kama nina mpenzi, kama nataka watoto siku moja, kama kuna mtu amewahi kunigusa bila ridhaa yangu. Watu hudhani msichana mwenye usonji hana habari na mapenzi. Ninayo habari, asanteni. Mengine yatabaki kwenye faili.

Kabla ya kutaja dawa yoyote alitaka kujua ninazomeza. Nina kifafa pia, kama walivyo wengi wenye usonji, na natumia karbamazepini. Kumbe dawa hiyo hulifanya ini livunje homoni za vidonge vya uzazi wa mpango haraka, nguvu ya vidonge ikapungua! Niliwahi kuandikiwa vidonge hivyo ili kupunguza maumivu, na hakuna aliyeuliza kuhusu kifafa. Leo tumezungumzia kitanzi chenye homoni, ambacho karbamazepini haikiharibii kazi, na ambacho huweza kuwekwa mtu akiwa amepewa dawa ya usingizi. Sijaamua. Hakunihimiza niamue.

Kipimo cha ndani hakikufanyika. Alisema ataanza na altrasaundi ya juu ya tumbo, na kwamba kwa miaka yangu 22 uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi haujanifikia: Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wengi waanze wakifika miaka 30, na kipimo cha virusi vya HPV, ambavyo ndivyo husababisha saratani hiyo, mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba. Hata hivyo alinipa spekulamu ndogo kabisa, kifaa cha kupanulia uke wakati wa kipimo cha ndani, niishike. Nikaifungua na kuifunga mara nyingi. Ni plastiki nyepesi, na inatoa mlio wa "trik" ambao ningeushtukia sana kama ningeusikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimelala kitandani. Sasa naujua.

Halafu mama, aliyekwisha kurudi, akatoa swali la shangazi: "Si afungwe kizazi tu, apumzike na hizi hedhi?" Nilianza kujitikisa. Daktari akamweleza kwanza kwamba kufunga kizazi huzuia mimba tu, hedhi zinaendelea kama kawaida. Halafu akasema, "Na hata kama zingekoma, hilo ni la kwake kuliamua." Akataja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 23, kinachosema tuna haki ya kubaki na uwezo wetu wa kuzaa sawa na watu wengine. Mama alinyamaza kitambo, halafu akaniuliza mimi, "Kwani wewe unataka watoto?" Nikamwambia bado nafikiria.

Tukiwa njiani akasema shangazi atamjibu yeye mwenyewe. Nimemwomba ampigie nikiwa sipo.