Siku moja mimi na birika bovu

Saa kumi na mbili asubuhi. Nimeamka sijawasha taa, naangalia kiti nilichorundikia nguo za jana, kwenye kile kigizagiza kinafanana kabisa na mzee aliyeinama anatafuta kitu kadondosha. Nikavuta kidaftari nikachora fasta, dakika mbili tu, maana ukiwasha taa mzee anaondoka linabaki shati.

Saa mbili niko mezani, nembo ya mteja. Hiyo tuiache, inalipa bili basi.

Saa nne ndo siku yangu inaanza sasa. Birika bovu, mfuniko ulishapotea zamani, mpini umefungwa na waya, tumbo lote masizi. Watu hunambia si utafute kitu kizuri uchore? Sasa kitu kizuri kimeshajimaliza chenyewe, mi nitaongeza nini hapo.

Mchoro wa kwanza hovyo. Nilikuwa nachora birika la kichwani mwangu, mdomo, tumbo, mpini, kama la kitabu cha chekechea. Wa pili nikaacha birika nikachora ile nafasi tupu kati ya mpini na tumbo, lile tundu la hewa tu, na we amini usiamini birika likaja lenyewe pembeni. Wa tatu nikabanwa na kivuli: nilizoea kukipaka cheusi, kumbe upande wa dirishani kina ubluu na kikifika karibu na kitambaa chekundu kinadaka wekundu, nikakaa na hicho kivuli tu mpaka saa saba bila hata kunyoosha mgongo.

Mapumziko. Kila nikichekwa namkumbuka yule Mtaliano, Giorgio Morandi, aliyefariki 1964, miaka na miaka kwenye chumba chake Bologna anachora chupa na makopo yaleyale, anayasogeza kidogo, anachora tena. Picasso naye, yule msanii wa Kihispania, mwaka 1942 aliunganisha siti na usukani wa baiskeli akapata kichwa cha fahali. Mi nilijaribu ya kwangu nikapata siti na usukani.

Saa tisa narudi, birika halipo mezani. Natoka nje nakuta mdogo wangu kalisugua linang'aa kama jipya, na waya kautoa. "Nimekusaidia, lilikuwa chafu lile." Jamani. Nusu ya mchoro wangu ilikuwa masizi! Nikasema asante, ningesema nini sasa, ila nilinuna kama saa nzima hivi.

Saa kumi na moja jioni nikaenda kunawa. Pale kwenye beseni kaacha ile stilwaya aliyosugulia, imejikunja, katikati nyeusi tii, pembeni nyuzi zimechomoka zinadaka jua moja moja.

Nikaibeba hivyohivyo inachuruzika maji mpaka mezani, na kidaftari kikalowa.