Vigae vya Passeig de Gràcia

Majumba ya barabara ya Passeig de Gràcia, jijini Barcelona, humfanya mgeni atembee akiwa ameinua shingo, lakini kilichonikaa moyoni tangu ziara yangu ya huko ni kitu kilichokuwa chini. Karibu na jumba la Casa Milà mafundi wawili walikuwa wamefumua sehemu ya njia ya waendao kwa miguu, na kando yao palikuwa na rundo la vigae vya pande sita, vya rangi ya kijivu inayoelekea kijani. Rafiki yangu mwenyeji alisimama kuwasalimu, kisha akanitafsiria maelezo ya yule mkubwa wao.

Kigae hicho kilibuniwa na msanifu majengo Antoni Gaudí kwa ajili ya Casa Batlló, nyumba iliyokamilika mwaka 1906, ila kikaja kutandikwa ndani ya Casa Milà, iliyojengwa kati ya 1906 na 1912. Katika miaka ya 1970 jiji liliamua kukitumia kutandika njia za barabara hii, na hivyo sakafu iliyokuwa ya wenye nyumba ikawa ya kila apitaye. Nadhani hakuna sanamu ya shaba juu ya jukwaa ambayo ingemuenzi mjenzi huyo vizuri zaidi.

Fundi alinipa kigae kimoja nikishike. Kilikuwa kizito, na nilipopitisha kidole juu yake nilihisi mistari iliyojipinda ambayo, peke yake, haikuwa na maana yoyote kwangu, kwa kuwa kila kigae hubeba vipande tu vya maumbo matatu. Aliinama, akasawazisha mchanga na saruji kwa mwiko, akaweka kimoja katikati na kuanza kukizungushia vingine, akivigonga taratibu kwa nyundo ya mpira na kuvipima kwa pimamaji. Kila kilipoongezwa kimoja, kitu fulani kilijitokeza: mikono ya kiumbe afananaye na pweza, gamba la konokono wa bahari, kisha kiti cha pweza, yule kiumbe wa bahari mwenye umbo la nyota. Vilipofika saba, picha ikakamilika. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipita na mzigo wake alisimama kutazama hadi mwisho, ingawa bila shaka amevikanyaga vigae hivyo kwa miaka mingi.

Taa zenye mabenchi zilizopangwa kando ya barabara hiyo, ambazo wengi humpa Gaudí sifa zake, ni kazi ya msanifu mwingine, Pere Falqués, ya mwaka 1906, na inafaa naye atajwe.

Alasiri rafiki yangu alinipeleka Casa Amatller, iliyobuniwa na Josep Puig i Cadafalch na kukamilika mwaka 1900, anionyeshe ua la petali nne linalohusishwa na nyumba hiyo. Ua hilohilo limechongwa kwenye vigae vya mraba vya sentimita 20 vilivyotandikwa karibu kila mtaa wa Barcelona, hata ile ambayo watalii hawaifikii, nasi tukavifuata kwa miguu hadi nyumbani kwa rafiki yangu.