Kina Adams wa Quincy, na jina nililokwama kulitaja

Habari zenu ndugu zangu, mlio nyumbani na mlio huku. Leo nataka niwaambie habari ya ukoo mmoja wa hapa ninapoishi, maana imenikaa kichwani tangu kipupwe kiishe na nimeshawachosha watu wa kazini kwa kuisimulia.

Naishi Quincy, kusini tu mwa Boston, unapanda treni ya Red Line unashuka Quincy Center. Wenyeji wanatamka Kwinzi, ukisema Kwinsi wanajua wewe mgeni. Huu mwaka wa sita nabeba boksi, yani nalea wazee majumbani mwao, na kila asubuhi nikitoka zamu ya usiku napita mbele ya kanisa la mawe pale mjini lina nguzo nne nene mlangoni, nalipita tu na usingizi wangu nawahi basi, sikuwahi hata siku moja kujiuliza ndani kuna nini.

Sasa kuna bibi mmoja ninayemlea, mzaliwa wa hapahapa. Usiku mmoja namkanda miguu akaniuliza, eti baba yako nani, nikamtajia, babu yako je, nikamtajia, na baba yake babu, nikataja lakabu tu aliyokuwa akiitwa kijijini, na baba yake huyo? Nikakwama. Aisee nilinyamaza na lile lotion mkononi. Hakunicheka wala nini, akaniambia tu, siku yako ya mapumziko nenda kaingie chini ya lile kanisa, halafu vuka barabara uende makaburini.

Nikaenda. Chini ya kanisa kuna chumba kidogo, baridi, na ndani yake majeneza manne makubwa ya jiwe la granaiti. Rais wa pili wa Marekani, John Adams, na mkewe Abigail. Na rais wa sita, John Quincy Adams, ambaye ni mtoto wao wa kuwazaa, na mkewe Louisa. Baba na mwana, wote marais, na wake zao, wamelala chumba kimoja mnaweza mkawagusa wote bila kutembea sana. Kila tarehe 30 Oktoba na 11 Julai, siku zao za kuzaliwa, ikulu inaleta shada la maua. Nilisimama pale muda mrefu, aliyekuwa akitutembeza akaniacha.

Halafu nikavuka barabara kwenda makaburi ya Hancock, na hapo ndo hasa pa kuanzia hadithi, maana hao wa chini ya kanisa ni wa juzi. Wa kwanza kuja anaitwa Henry Adams, alifika kama mwaka 1638 kutoka Uingereza na mke na watoto, wa kiume wanane, akapewa kipande cha ardhi hapa wakati huo pakiitwa Braintree, akalima. Akafa 1646. Mtoto wake Joseph, mjukuu naye Joseph, kitukuu ni John, huyu alikuwa mkulima na mshona viatu na shemasi wa kanisa na diwani wa mji, na kilembwe ndo akatokea kuwa rais. Yani vizazi vinne watu wanalima mawe (ardhi ya huku mawe matupu) na kushona viatu, wa tano anakaa ikulu. Yule Samuel Adams mnayemsoma kwenye historia ya mapinduzi yao, aliyewachachamaa Waingereza kule Boston, babu yake na babu wa rais John walikuwa ndugu, tumbo moja. Huku wanamuita binamu wa pili, kwetu huyo ni kaka tu hakuna mjadala.

Rais John alipozeeka alimwekea Henry jiwe la kumbukumbu, na kwenye jiwe akaandikisha kwamba mzee alikimbia mateso ya Joka kule Devonshire akatua hapa na wanawe wanane. Basi miaka zaidi ya mia ikapita, watafiti wa nasaba wakaenda Uingereza wakachimba madaftari ya makanisa, wakakuta Henry hakutoka Devonshire, katoka kijiji cha Barton St David, Somerset. Mnaona? Rais mzima, msomi, mwanasheria, mtu aliyehifadhi kila barua, na bado alikosea kwao wapi. Vizazi vinne tu! Mimi hapo ndo nikaanza kujisamehe kidogo.

Lakini kinachonishangaza kuhusu huu ukoo ni upande wa wanawake, na watu wakisimulia wanaupita mbio. Jina Quincy halikutoka kwa kina Adams hata kidogo. Abigail mama yake alikuwa Elizabeth Quincy, na baba yake Elizabeth ni Kanali John Quincy, mkubwa wa eneo hili, mji wenyewe ulipojitenga na Braintree 1792 ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 1767 Abigail anajifungua mtoto wa kiume tarehe 11 Julai na huyo mzee babu yake yuko kitandani anakata roho, bibi yake mtoto akasema mpeni jina la mzee. Wakampa. Siku mbili baadaye mzee akafariki. Kwa hiyo yule rais wa sita ni wajina wa babu mzaa bibi yake, amepewa jina mlangoni, mmoja anaingia mwingine anatoka. Mtu wa kwetu akisikia hivyo hahitaji kuelezwa zaidi. Mimi mwenyewe jina langu ni la bibi mzaa baba, nilipewa siku arobaini zake hazijaisha.

Na huyo Abigail ndo aliyeshikilia kila kitu. Mume yuko Philadelphia kwenye mambo ya uhuru, mara yuko Ufaransa, mara Uholanzi, yeye kabaki na watoto na shamba na vita. Juni 1775 alimpandisha mwanawe wa miaka saba kwenye kilima cha Penn's Hill wakaangalia moshi wa vita vya Bunker Hill ng'ambo kule, na mji wa Charlestown unaungua. Kilima bado kipo, nimekipanda. Barua zao mke na mume zimebaki zaidi ya 1,100, na kwenye moja ya Machi 1776 ndo alimwambia mumewe mkitunga sheria mpya wakumbukeni wanawake. Kila mwanamke aliyeachwa nyumbani mume akaenda kutafuta maisha angezielewa hizo barua bila kamusi, nawaambieni. Anaandika bei za vitu, anaandika ugonjwa wa mtoto, anauliza mbona huandiki.

Sasa sikilizeni upande mwingine ambao bibi yangu wa hapa hakuniambia, niliupata mwenyewe. Baba yake Abigail alikuwa mchungaji Weymouth, jirani hapo, na alimiliki watumwa. Mmoja mwanamke aliitwa Phoebe. Mchungaji alipofariki 1783 wosia wake ukamwacha huru, akaolewa, na Abigail alipomfuata mumewe Ulaya mwaka uliofuata, nyumba ya kina Adams waliachiwa Phoebe na mumewe waitunze. John na Abigail wenyewe hawakumiliki mtumwa, hilo ni kweli na wanalisema kwa fahari, lakini Phoebe alikuwepo tangu Abigail mdogo. Mimi ni mtu ninayetunza nyumba za watu na mama za watu, kwa hiyo nilipofika hapo nilifunga kompyuta. Henry Adams kapotea kijiji wakamtafuta mpaka wakampata. Phoebe mama yake aliitwa nani?

Tuendelee. Watu wanadhani ukoo wa marais basi watoto wote waliota mabawa. Hapana jamani. Watoto wa John na Abigail waliokua ni wanne: Nabby, John Quincy, Charles na Thomas. Nabby alipata saratani ya titi, 1811 wakamkata titi nyumbani kwa wazazi wake, bila dawa ya usingizi kwa sababu haikuwepo duniani bado, akafa 1813. Charles pombe ilimmaliza akiwa na miaka 30, mwaka 1800, na baba yake rais alikuwa ameshamkana kabla, na mwaka huohuo John akashindwa uchaguzi na Jefferson. Fikiria mzee yule, ndani ya miezi hiyohiyo kapoteza kiti na kapoteza mtoto ambaye hakupatana naye. Thomas naye pombe.

Akabaki John Quincy. Yeye nae akazaa watoto wa kiume watatu. Mkubwa, George Washington Adams, Aprili 1829 akaanguka kutoka meli ya moshi usiku akazama, wengi wanaamini alijitupa, miaka 28. Wa pili, John, pombe tena, 1834, miaka 31. Na kumbuka George alipokufa baba yao alikuwa ndo kwanza katoka ikulu kwa kushindwa uchaguzi na Jackson. Akabaki wa mwisho, Charles Francis. Ndo maana nasema ukitazama vizuri ile minyororo ya majina mliyochorewa vitabuni, kila kizazi kina mmoja aliyebeba na wengine waliodidimia pembeni, na mzigo wa jina ulikuwa sababu mojawapo, barua za wazazi zile zinasomeka, kila siku soma, jitahidi, usituaibishe. Mimi nina watoto wawili huku na nimesoma hizo barua nikasikia sauti yangu mwenyewe ya simu ya jioni.

John Quincy mwenyewe alikuwa mtu wa ajabu. Shajara alianza kuandika ana miaka 12, akaandika mpaka uzeeni, vitabu 51, kurasa zaidi ya 14,000. Alipotoka urais hakwenda kupumzika, akagombea ubunge, akakaa bungeni tangu 1831 mpaka alipoangukia palepale bungeni Februari 1848, akafa siku mbili baadaye mle ndani ya jengo. Wabunge wa majimbo ya kusini, kulikokuwa na utumwa, walikuwa wameweka kanuni kwamba maombi ya kupinga utumwa yasijadiliwe, akapambana nayo miaka minane mpaka 1844 ikafutwa. Na 1841, mzee wa miaka 73, alisimama Mahakama Kuu kuwatetea Waafrika wa meli ya Amistad, watu wa Kimende walioibwa kwao Sierra Leone, wakaasi melini, wakakamatwa huku. Wakashinda. Waliobaki hai 35 wakarudishwa kwao. Wakati huohuo, na hili liniwieni radhi nalitia tu, meli za Salem hapo kaskazini zilikuwa zinapeleka Zanzibar ile nguo bibi zetu walioiita merikani, imefumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa. Kila nikiona shuka jeupe gumu nakumbuka.

Huyo Charles Francis aliyebaki alikuwa balozi London 1861 mpaka 1868, vita vya wenyewe kwa wenyewe vyote, kazi yake kuwazuia Waingereza wasiwasaidie wa kusini, na aliiweza. Wanawe walitoka wa namna nyingi. Charles Francis mdogo aliongoza kikosi cha farasi cha askari weusi, baadaye akawa mkubwa wa reli. Henry akawa mwanahistoria, mkewe alijiua 1885, hawakuwa na mtoto. Brooks ndo wa mwisho kuishi kwenye nyumba ya ukoo, Peacefield, alifariki 1927, naye hakuacha mtoto. Mtoto wa kaka yao mkubwa akawa waziri wa jeshi la maji wakati wa rais Hoover, na hapo siasa kubwa ikaishia. Nyumba wakaikabidhi serikali 1946.

Kando ya nyumba hiyo, bustanini, kuna maktaba ya mawe, nayo ndo imenifanya niandike haya yote. John Quincy aliacha kwenye wosia kwamba vitabu na karatasi zijengewe nyumba isiyoweza kuungua. Charles Francis akaijenga 1870, kuta za mawe, mbali na majiko ya nyumba kubwa. Ndani vitabu kama 14,000 mpaka dari. Karatasi zenyewe ziko Boston siku hizi, zilipopigwa picha za filamu zilitoka mikanda 608. Niliingia, nikasikia harufu ya ngozi za vitabu na vumbi, nikawaza sanduku la bati la babu Muheza lililoliwa na mchwa, na ndani yake daftari moja ambalo mimi nilikuwa nachorea picha nikiwa mdogo, hakuna aliyenikataza.

Basi usiku ule kabla ya zamu nikampigia shangazi, kule kwetu alfajiri, anachochea moto wa chai, nasikia kuni. Nikamwambia shangazi nitajie. Akasema mwanangu kulikoni, umefiwa? Nikasema hapana, nitajie tu, naandika. Akaanza kwa mwendo wake, na wake zao, na waliokufa wachanga, na yule aliyepotelea kwenye mkonge asirudi, mimi naandika kwenye kitabu cha zamu cha kampuni kwa sababu sikuwa na karatasi nyingine, kurasa tano. Jina nililokwama nimelipata. Alipofika wa saba akasema huyo alitoka Usambaa milimani. Nikamwambia baba alisema siku zote sisi asili yetu Pangani. Shangazi kimya. Halafu akasema, baba yako alikuwa mdogo, ila yuko bibi yako mdogo Pangani, ana akili zake bado, masikio tu ndo mazito, ukimpigia umwambie mjukuu aweke simu karibu na sikio la kulia.

Jumamosi sina zamu. Nampigia.